Mabati ya Wakwe

Ukiolewa kwetu, jina lako unaliacha mlangoni kwa mama yako. Kule unakokwenda watakuita kwa mahali ulikotoka, na utaitika hivyo mpaka uzeeke. Mimi nilitoka ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, kijiji cha Wajaluo kilichokaa ukingoni kabisa mwa ziwa, nikaolewa Homa Bay na fundi wa baiskeli. Basi nikawa Nyar Loka, binti wa ng'ambo. Wala sikuwa peke yangu. Sori alikuwako Nyar Loka aliyekausha samaki, Oyugis alikuwako mwingine aliyeuza chumvi na mafuta ya taa, na wengine walitawanyika hadi Awendo, ambayo siku hizo haikuwa na kiwanda wala malori ya miwa. Tukikutana sokoni na mtu akaita jina hilo, tunageuka sote, halafu tunacheka.

Mvua zilizoanza kabla ya Uhuru hazikukoma Uhuru ulipokuja. Ziwa nalo likaanza kupanda. Lilipanda polepole, bila kelele, mpaka gati la Homa Bay likazama na watu wakaja kusimama juu barabarani kuangalia pale lilipokuwa. Nilikuwa nimezaliwa kando ya maji hayo, nimeyaoga, nimeyanywa, nimeyapikia, na siku ile niliyaona kama mtu anayegundua kwamba hajawahi kumjua jirani yake. Niliogopa, lakini haukuwa woga wa kukimbia. Ulikuwa woga wa kuvua viatu na kunyamaza.

Habari za nyumbani alizileta yule wa Sori, kwa kuwa wavuvi wa kwetu walikuja kuuza samaki pale. Aliingia kwangu akiwa amelowa mpaka kiunoni, akakataa kuketi.

"Nyumba za chini zimekwenda zote," akasema. "Mama yako na wajane wenzake wako mlimani. Analala chini ya mkeka uliotandazwa juu ya vijiti."

"Kwa nini wasiezeke nyasi kama watu?"

"Nyasi gani, Nyar Loka? Bonde lote ni ziwa sasa. Nyasi zenu wanakula viboko."

Mama alikuwa mgonjwa wa kifua tangu nipate akili. Kila masika tulikuwa tukimlaza karibu na moto, tukisikiliza pumzi yake ikikwaruza kooni. Sasa masika mengine yalikuwa yanakuja na yeye yuko chini ya mkeka. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa ameshakata boma jipya kule mlimani kama mila inavyotaka, akitangulia na shoka, jogoo na moto. Miti ya kujengea ilikuwepo. Udongo, Mungu atusamehe, ulikuwepo kupita kiasi. Kilichokosekana kilikuwa paa, na bila paa mama asingevuka masika hayo.

Tukakubaliana tununue mabati. Ni rahisi kusema. Sisi tulikuwa wanawake wa visenti, na kila kisenti kilikuwa na mtoto wa kukila. Aliyetoa shauri ni yule wa Oyugis, na hapo ndipo nilipokaribia kuanguka kwa kicheko, maana yeye ni Msabato, na Wasabato wa Oyugis walikuwa hawataki hata kusikia ngoma ikipigwa kijiji cha pili.

"Tumwite mpiga orutu," akasema bila kupepesa macho. "Watu hawatoi pesa kwa kuhurumia. Wanatoa kwa kujigamba."

Orutu ni ile fidla yetu ya uzi mmoja. Mpigaji akishachangamka, mtu anayetaka kujisifu hutupa sarafu, na muziki sharti usimame hapo hapo. Mtupaji anasimama, anajitaja yeye ni nani, ametoka wapi, nyumbani kwao kuna nini, kisha anaketi, na uzi unaanza kulia tena. Hiyo tunaiita pakruok. Mtu ambaye hawezi kukukopesha kibiriti atamaliza mfuko mzima kwa pakruok, na atarudi nyumbani kwa miguu akiwa na furaha.

Tulifanya Jumapili, uani kwetu, nyuma ya kibanda cha baiskeli. Walikuja watu nisiowajua, wengine kutoka Migori. Mume wangu alitandika mikeka na kukaa pembeni akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache na makundi yalimchosha. Yule wa Oyugis alikataa katakata kuingia uani. Alisimama nje ya ua wa minyaa, pale mzee wa kanisa lake asingeweza kusema amemwona ngomani, na mkono wake ukapenya kati ya matawi ukiwa na sarafu.

Ndiye aliyeanza. Sarafu ililia kwenye beseni, uzi ukanyamaza, na sauti ikatoka nyuma ya minyaa.

"Mimi Nyar Loka! Nimetoka pale mtini ambapo korongo hutagia! Kwetu mtu hachoti maji, maji humjia!"

Watu wakacheka, maana maji yalikuwa yametujia kweli. Lakini wa Sori hakucheka. Alitupa sarafu yake na kusimama.

"Mimi Nyar Loka wa jiwe jeupe la kufulia," akasema. "Jiwe ambalo bibi yangu alifulia juu yake mpaka likawa na shimo la goti lake."

Jiwe lile nililijua. Lilikuwa chini ya maji, chini sana, na sote wawili tulijua hivyo. Akafuata mwingine akaitaja njia ya mbuzi. Mwingine akautaja mlango wa nyumba yao ulivyotazama mashariki. Mwingine akaitaja mihogo ya mama yake iliyokuwa mitamu hata mibichi. Kila sarafu ikianguka, uzi ulinyamaza, na mwanamke alisimama kujigamba kwa kitu ambacho samaki walikuwa wakipita juu yake saa ile ile. Sijawahi kuona kanisani wala kwingineko watu wakiwa kimya namna ile. Wageni wa Migori, ambao kijiji chetu hawakukijua hata kwa ndoto, walianza kutupa pesa na kusema tu, "Endelea, mama. Endelea kutaja." Kijiji kizima kilipita uani kwangu mchana ule, nyumba kwa nyumba, na mpiga orutu akawa anafuta macho kwa mkono wenye upinde.

Hapo wanaume wakaona wameachwa nyuma. Waume zetu walikuwa wameketi pamoja, na mwanaume wa Kijaluo hawezi kukaa kimya wakati mkewe anasifiwa. Mmoja akatupa noti. Mwingine akatupa iliyo kubwa kuliko ile. Mwishowe, ajabu ya maajabu, mume wangu akainuka, mkono wenye grisi ukaangusha kwenye beseni noti zilizokunjwa ambazo sikujua alizificha wapi.

"Simamisha!" akasema. "Mimi fundi wa Homa Bay. Mimi ndiye mkwe wa nyumba ya mtini. Mvua inyeshe inavyotaka, mama mkwe wangu atalala chini ya bati langu!"

Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. Nilipiga mpaka sauti ikakauka. Na wakwe wengine wote wakainuka mmoja baada ya mwingine kutangaza hayo hayo: bati langu, paa langu, mama mkwe wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, wala yule Msabato nyuma ya minyaa. Tulikuwa tumelewa bila kunywa.

Mabati tuliyanunua mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeshangaa kuona wanawake peke yao wanayagonga moja moja kusikia kama yana tobo.

"Mama, hii yote napeleka wapi? Najenga shule?"

"Tunajenga mama zetu," nikamjibu, naye akaongeza misumari kidogo bila kututoza.

Tuliyapakia mashuani Sori. Waume zetu walibaki. Mkwe haendi hovyo kwa mama mkwe wake, na kazi yenyewe ilikuwa ya mabinti. Tulikwenda siku nzima tukifuata ufuko, au tuseme tukifuata mahali ufuko ulipohamia. Sikuuona mpaka wa Kenya na Tanganyika. Ziwa lilikuwa halijaambiwa habari zake. Tuliyaona mafunjo yaliyong'oka kwa kipande kizima, kisiwa chenye ndege na nyoka kikielea bila haraka, na wapiga makasia wakakipisha kwa heshima kama wanavyopisha msafara wa mkubwa.

Kisha mashua ikapita juu ya kijiji chetu. Nahodha, kijana wa kwetu, aliwaambia wenzake waache makasia, nasi tukainama ukingoni. Maji yalikuwa na matope, lakini karibu na mtini yalitulia. Matawi ya juu ya mtini yalikuwa bado nje, na korongo walikuwa bado wametaga. Chini yake niliona mstari wa rangi nyingine, kama kivuli, nikajua ni ua wa nyumbani. Nilipita juu ya mlango wa mama yangu nikiwa nimeketi, na sikuwahi hata mara moja maishani kuupita mlango ule bila kuinama. Niliinama. Sote tuliinama. Sikuwa na hasira na ziwa. Nilitaka kuwa na hasira na nikaikosa, kwa jinsi lilivyokuwa kubwa na tulivyokuwa wadogo na mabati yetu.

Mama alikuwa mteremkoni akitusubiri pamoja na wajane wenzake. Alikuwa amekonda, na kila maneno mawili alipumzika. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Halafu aliyatazama mabati yaliyokuwa yakipandishwa kichwani kutoka mashuani, na mikono ikaniachia.

"Ndiyo hayo ya mkwe wangu?" akauliza.

"Ya kwetu sote, mama."

"Wavuvi wametuambia. Alisimama mbele za watu Homa Bay akasema mama mkwe wake atalala chini ya bati lake."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka wanapishana njia. Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, hamtaji, hawezi kulala nyumbani kwake. Na sisi, watu wazima, tuliolelewa ndani ya miiko hiyo, tulipiga vigelegele wakwe wakitangaza kwamba watawalaza mama zetu chini ya mali yao. Kama wangetoa pesa kimya kimya, nani angejua? Lakini pakruok haina siri. Maneno yalivuka maji kabla ya mabati.

"Asante, mwanangu. Ero kamano," mama akasema kwa upole kabisa. "Lakini siwezi kulala humo. Wenzangu nao hawawezi. Ni kama kuvua nguo mbele ya mkwe."

Yakapangwa chini, fungu kubwa linalong'aa. Na alasiri hiyo hiyo mvua ikaja. Ilikuja kutoka ziwani ikiwa nyeusi, tukaisikia kabla ya kuiona. Ikapiga mabati yaliyolala chini bila kumfunika mtu, yakapiga kelele mlima mzima, na mama zetu wakakaa kando yake chini ya mikeka, wamekumbatia magoti, maji yakiwatiririka migongoni. Mama alianza kukohoa. Nilimkingia kwa kanga yangu, ambayo haikukinga chochote.

Mimi si mtu wa kuvumilia. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi.

"Utakufa kwa adabu?" nikamwambia. "Utakufa hapa, bati liko mguuni pako, kwa sababu fundi wa baiskeli alifungua mdomo siku moja katika maisha yake?"

"Usinifokee mvuani," akasema. "Ngoja ipite."

Yule wa Oyugis alinivuta mkono. Yeye alikuwa amepiga magoti matopeni akiomba, maana mama yake alikuwa mkongwe kuliko wangu. Mvua ilikaa muda wake, ikapita. Mama akajipangusa uso, akatulia mpaka pumzi ikamrudia.

"Ng'ombe wa mahari yako walifika wote?" akaniuliza.

Nilidhani ameanza kuweweseka kwa homa. "Unajua hawakufika, mama. Unaniuliza hilo leo?"

"Ng'ombe wa mahari wakija, ni wa nani?"

"Wa boma la baba."

"Na mama mkwe akinywa maziwa yao, amemkosea mkwe wake heshima?"

"La. Ni haki yake."

"Basi hao," akasema, akinyoosha kidole kwenye lile fungu linalong'aa, "ni ng'ombe. Mwiteni shemeji yangu. Nanyi yarudisheni majini. Mahari hailali chini kama kuni. Huingia bomani kwa miguu, kupitia lango."

Tulimtazama. Wajane wenzake walimtazama. Kisha mmoja wao, mama wa yule wa Sori, akaanza kucheka kicheko kikavu, na kikaenea kwa wote. Nasi mabinti, tuliokuwa tumechoka hata kusimama, tuliyabeba mabati yote kichwani tukayateremsha mpaka majini, tukageuka, tukayapandisha upya kwenye utelezi, tukipiga miluzi na kuswaga, "Hei! Hei!" kama wachungaji. Baba mdogo alikuwa amesimama langoni na fimbo, uso umekauka, kama inavyompasa mwanaume anayepokea mahari. Alipokea kwa niaba ya kila boma ambalo halikuwa na mwanaume.

Na mama zetu wakayakagua. Mungu wangu, walivyoyakagua! Dakika chache nyuma walikuwa wamekaa mvuani kama wafungwa, na sasa walikuwa wanawake wenye mabinti walioolewa.

"Huyu amekonda," wakasema juu ya bati lililojikunja.

"Huyu pembe imevunjika. Wakwe wa Oyugis ni wajanja."

"Huyu ana mimba, mwingizeni polepole!"

Nilisimama pale na matope mpaka magotini, nikimwangalia mama yangu. Hakuwahi kwenda shule hata siku moja. Alikuwa amekaa chini ya mvua akikohoa, na badala ya kuuvunja mwiko au kuuacha umuue, alikuwa ameufungulia mlango mwingine. Nilimzoea tangu kuzaliwa na siku ile niliogopa kumkaribia. Ilikuwa ni heshima ile ile niliyoisikia juu ya maji.

Siku zilizofuata nyumba zilisimama moja baada ya nyingine. Ya mama ilipoezekwa, mafundi walibakisha nafasi upande wa nyuma, juu ya mahali pa kuwekea vyungu. Bati moja lilikuwa bado limeegemea mti. Nikamwita kijana aliyekuwa juu ya paa alichukue.

"Acha," mama akasema. "Huyo simpokei. Rudi naye."

"Mama, kuna tundu kwenye paa!"

"Nitaziba kwa mafunjo. Hapo vinalala vyungu, silali mimi."

"Lakini ni la kwako. Pesa zimeshalipwa. Mbona unatutesa?"

Alinivuta chini nikaketi kando yake. Pumzi yake ilikuwa bado inakwaruza, lakini blanketi lake lilikuwa kavu.

"Nikimpokea huyo, ng'ombe wako wameisha," akasema. "Kule mtini umeshapita juu yake, umeona mwenyewe. Mlango uliotokea haupo. Ua haupo. Sasa wanasema hata nchi yangu na yako ni mbili. Ng'ombe wakiisha pia, mwanangu, utakuja kwangu kufuata nini?"

Nililia waziwazi, mtu mzima mwenye watoto, na mama akanipapasa mgongo akitazama ziwa juu ya bega langu. "Mos," akawa anasema. "Mos, taratibu."

Nilirudi Homa Bay na bati moja. Lilinisumbua mashuani na lilinisumbua zaidi njiani kutoka Sori, na kila mtu aliniuliza ninalipeleka wapi. Mume wangu alitoka kibandani akifuta mikono, akalipokea kutoka kichwani kwangu, akaligeuza huku na huku akitafuta kasoro. Nikamweleza yote, kuanzia mvua mpaka lango, mpaka hilo lililorudishwa.

"Kwa hiyo bado nadaiwa?" akauliza.

"Bado unadaiwa."

Aliliegemeza ukutani taratibu, lisipige kelele.

"Basi mwambie mama sitamaliza," akasema.